Kutoka Kongwa Hadi Githurai: Fedha za Wageni Kenya na Tanzania, 1947–2025

Ukitaka kuona jinsi fedha za wageni zilivyojipenyeza katika maisha ya Mkenya wa kawaida, anzia Kiuu. Wadi hii ya eneo bunge la Ruiru, inayobeba sehemu ya Githurai 45, imekaa kando ya Barabara Kuu ya Thika, iliyojengwa kwa mikopo ya Benki ya Maendeleo ya Afrika na ya Benki ya Exim ya China. Bwawa la Karimenu II huko Gatundu Kaskazini, lililokusudiwa kuzipunguzia Ruiru na Juja kiu, nalo ni la mkopo wa China. Chuo kikuu cha Juja kilisimamishwa kwa ruzuku ya Japani. Na kwa zaidi ya miaka 20, sehemu kubwa ya dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi katika vituo vya afya ililipiwa na Marekani.

Mtanzania wa Kimara, Moshi au Kibaha anaweza kutoa orodha kama hiyo, na wafadhili wengi ni walewale. Mwaka 1990 kila nchi ilipokea msaada wa karibu dola bilioni 1.2. Miaka tisa baadaye Kenya ilikuwa ikipata kama dola milioni 310 tu, ilhali Tanzania ilikuwa bado inapokea karibu dola bilioni moja. Kisha mambo yakageuka tena, na mwaka 2013 kila moja ikavuka dola bilioni 3. Anayetazama tarakimu hizi peke yake ataona kupanda na kushuka bila sababu. Sababu zipo, na mizizi yake inaanzia kabla ya uhuru.

Karanga za Kongwa, kahawa ya Kiambu: 1947–1960

Vita vya Pili vya Dunia vilipoisha, Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkuu wa United Africa Company iliyokuwa chini ya Unilever, alipendekeza karanga zilimwe Tanganyika kwa mashine. Serikali ya London ikakubali. Kufikia 1947 matrekta yalikuwa yakifyeka vichaka na kung'oa mibuyu huko Kongwa, nchi ya Wagogo, na lengo lilikuwa kulima zaidi ya ekari milioni 3.

Wagogo walijua ardhi yao. Walijua mvua ya Kongwa haina ahadi, na kwamba udongo ule ukipigwa na jua hukauka hata jembe lisipenye. Hakuna aliyewauliza. Mradi ulipofutwa Januari 1951 ulikuwa umekula pauni milioni 36, na karanga zilizopatikana zilikuwa haba mno. Tanganyika ilibaki na bandari ya Mtwara na reli ya Nachingwea, ambayo ilifungwa mwaka 1962. Mradi uliitwa maendeleo ya koloni, lakini njaa iliyokuwa ikitafutiwa dawa ni ya Waingereza.

Kenya ilipata ya kwake kwa sababu nyingine kabisa. Mwaka 1954, Mau Mau ikiwa bado msituni, Uingereza ilitoa pauni milioni 5 kuanzisha mpango ulioandikwa na Roger Swynnerton, afisa wa Idara ya Kilimo. Vipande vya ardhi vya Waafrika vilivyotawanyika viunganishwe, kila mwenye shamba apewe hati, na Mwafrika aruhusiwe kupanda kahawa na mazao mengine ya kuuza. Kiambu, Murang'a na Nyeri zilipimwa upya huku watu wakiwa wamefungiwa katika vijiji vya dharura vilivyozungushiwa mitaro, na maelfu ya wanaume wakiwa kizuizini. Waliokuwa upande wa serikali walikuwapo siku ya kupima. Waliokuwa kizuizini hawakuwapo, na wengi walirudi wakakuta mpaka umesogea.

Kahawa ile ilizaa. Wakulima wadogo wa Kiambu walijenga nyumba za mawe na kusomesha watoto kwa kahawa, na hilo halina ubishi. Lakini fedha zile zilikuja kama silaha ya vita, na zilichagua nani ale na nani asile. Wengi wa waliokosa ardhi wakati ule, au watoto wao, ndio waliokuja kutafuta viwanja karibu na Nairobi. Githurai ni mtaa wa watu hao.

Ardhi iliyonunuliwa kwa deni: 1962–1970

Uhuru wa Kenya ulikuja na bili. Walowezi walitaka kulipwa mashamba yao kabla ya kuondoka, na serikali mpya haikuwa na fedha. Uingereza, pamoja na Benki ya Dunia, ilitoa fedha za kununua mashamba hayo katika mpango uliojulikana kama wa ekari milioni moja, ulioanza mwaka 1962. Zaidi ya familia 35,000 zilipewa makazi. Mkulima Mwafrika aliyepewa kipande hakukipewa bure. Aliandikiwa mkopo wa ardhi na mkopo wa maendeleo, akaanza kuilipa kwa maziwa, mahindi na pareto.

Hebu tuufuate mzunguko wa fedha hizo. Zilitoka London kwa jina la msaada, zikapita Nairobi, zikaingia mfukoni mwa mlowezi, na wengi wa walowezi hao wakarudi nazo Uingereza. Kilichobaki Kenya ni ardhi, ambayo Wakenya walikuwa na hakika kwamba ni yao tangu zamani, na deni. Kina Oginga Odinga na Bildad Kaggia walilipinga jambo hili waziwazi na wakashindwa. Serikali ya Jomo Kenyatta ilishikilia kwamba aliyenunua kwa amani hulala kwa amani, na kwamba wafadhili wakiona mali ya mtu inaheshimiwa wataleta nyingine. Waraka wa Bunge nambari 10 wa mwaka 1965, uliosimamiwa na Tom Mboya, uliuita msimamo huo Ujamaa wa Kiafrika, lakini moyo wake ulikuwa kukaribisha mtaji kutoka nje.

Kwa kipimo cha miaka ile, hesabu hiyo ilifanya kazi. Mamlaka ya kustawisha chai ya wakulima wadogo, KTDA, iliyoundwa 1964, ilipata mikopo ya Benki ya Dunia na ya shirika la Uingereza la maendeleo ya makoloni, ikaeneza chai katika nyanda za juu kuanzia Lari hadi Kericho. Nadhani hakuna mkopo wa kigeni uliowahi kumfaa mkulima mdogo wa Kenya kuliko huo, na sababu iko wazi: mkulima alikuwa na kituo cha kupokelea majani, kiwanda karibu, na malipo yaliyofika mkononi. Pale Kahawa, kilomita chache kutoka Githurai, Waingereza walikabidhi kambi yao ya kijeshi mwaka 1965, ikageuzwa Kenyatta College, na leo ni Chuo Kikuu cha Kenyatta.

Ruiru na Juja hazikugawanywa kwa mpango ule wa ekari milioni moja. Mashamba mengi ya kahawa na mkonge yalibaki mikononi mwa makampuni makubwa, na pale yalipouzwa, wanunuzi walikuwa vyama na makampuni ya kununua ardhi, ambamo wananchi walichanga shilingi zao wakasubiri kupigiwa kura ya ploti. Vijia vyembamba na majumba ya ghorofa yaliyobanana ya Kiuu vimetokana na ugawaji huo, si na ramani ya mfadhili yeyote.

Nyerere agombana na wakubwa: 1964–1976

Ng'ambo ya mpaka, Tanganyika ilianza kwa kuaminiwa sana. Nchi za Nordiki zilichagua Kibaha mwaka 1963 kujenga kituo chenye shule ya sekondari, hospitali na chuo cha wakulima, mradi wao wa kwanza wa pamoja barani Afrika. Muungano na Zanzibar wa Aprili 1964 ndio ulioleta mtihani wa kwanza.

Zanzibar baada ya Mapinduzi ilikuwa imeitambua Ujerumani ya Mashariki. Serikali ya Bonn ilidai Wajerumani wale wa Mashariki wafungiwe mlango kabisa. Dar es Salaam ikawaruhusu wabaki na ubalozi mdogo tu, na Bonn, kwa hasira, ikaondoa msaada wake wa kijeshi mapema mwaka 1965. Rais Nyerere alijibu kwa kuwaambia waondoe na misaada mingine waliyobakisha. Kabla mwaka haujaisha akavunja uhusiano na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia, ambako Ian Smith alikuwa amejitangazia uhuru wa wazungu wachache. Mkopo wa Uingereza wa pauni milioni 7.5 ukagandishwa. Kenya haikuvunja uhusiano. Nairobi ilimlaani Smith na kuendelea kupokea.

Hapa ndipo njia zilipoachana. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilitenga sehemu nzima kueleza kwa nini nchi isitegemee fedha, hasa za nje, kuwa msingi wa maendeleo: kwamba zawadi na mikopo huweza kuondoa uhuru wa kuamua. Ni jambo la kustaajabisha, basi, kwamba baada ya Azimio misaada iliongezeka badala ya kupungua. Swedeni, Norwe na Denmark ziliona katika Tanzania nchi inayojua inachotaka. Benki ya Dunia chini ya Robert McNamara, iliyokuwa ikitafuta nchi ya kuonyesha kwamba umaskini wa vijijini unaweza kupigwa vita, nayo ikamimina mikopo.

Mradi mkubwa kuliko yote ulitoka Beijing. Zambia ilihitaji njia ya kupitisha shaba yake bila kupita Rhodesia. Benki ya Dunia ilikuwa imesema reli haitalipa. China, ambayo yenyewe ilikuwa maskini, ilitia saini mwaka 1967 na kutoa mkopo usio na riba wa yuan milioni 988. Ujenzi ulianza 1970, na Julai 1976 TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilikabidhiwa kwa wenyewe. Gharama za ndani, kama mishahara ya vibarua na saruji, zililipwa kwa mapato ya bidhaa za Kichina zilizouzwa katika maduka ya Tanzania na Zambia. Makumi ya maelfu ya Wachina walifanya kazi ile, na makaburi ya waliofia huko yapo nje kidogo ya Dar es Salaam hadi leo.

Reli hiyo ilikuja kudhoofika vibaya: vichwa vilikosa vipuri, maporomoko yakafunga njia, na mizigo ikahamia barabarani. Hata hivyo naiona kuwa msaada mzuri kuliko yote iliyopokelewa na nchi hizi mbili katika karne iliyopita, kwa sababu waliohitaji ndio waliochagua, na waliotoa walifanya kazi bega kwa bega na waliopokea.

Si kila kitu cha enzi ile kinastahili sifa. Kiwanda cha viatu cha Morogoro, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia kwa ndoto ya kuuza Ulaya, hakikufikia hata kumi kwa mia ya uwezo wake. Tanzania ilikataa masharti ya kisiasa lakini ilipokea viwanda visivyo na soko, na deni la viwanda hivyo halikufutika kwa sababu ya nia njema.

Masharti yabisha hodi: 1979–1989

Kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, vita dhidi ya Idi Amin na kupanda kwa bei ya mafuta viliimaliza hazina ya Tanzania. Shirika la Fedha la Kimataifa lilitaka shilingi ishushwe thamani na matumizi yakatwe. Nyerere akakataa, na waziri wake wa fedha, Edwin Mtei, akajiuzulu mwishoni mwa 1979. Katika salamu za mwaka mpya wa 1980 kwa mabalozi, Nyerere alihoji ni nani aliyelipa shirika hilo kazi ya kuwa wizara ya fedha ya kila nchi. Kauli hiyo ilishangiliwa kote katika nchi maskini. Nyumbani, watu walipanga foleni za sukari na sabuni kwa miaka sita. Baada ya Ali Hassan Mwinyi kushika urais, mkataba na Shirika ulitiwa saini mwaka 1986.

Kenya ilisaini mapema, mwaka 1980, ikawa miongoni mwa nchi za kwanza barani kuchukua mkopo wa Benki ya Dunia wa kurekebisha uchumi. Mara nyingi serikali ya Daniel arap Moi iliahidi masharti, ikapokea, ikayaacha, kisha ikauza ahadi zilezile tena. Sharti moja lilitekelezwa bila huruma: kuchangia gharama hospitalini na vyuoni, kuanzia mwisho wa miaka ya 1980. Mama aliyekuwa akimpeleka mtoto zahanati bila kulipa sasa aliulizwa shilingi mlangoni.

Katikati ya hayo yote, Japani ilikuwa Juja. Jomo Kenyatta alikuwa ametoa ardhi ya chuo cha kilimo na teknolojia, na wanafunzi wa kwanza waliingia 1981. Wajapani hawakujenga majengo wakaondoka. Walileta walimu na mashine, wakawapeleka Wakenya kusoma Japani ili waje kuchukua nafasi zao, na wakakaa karibu miaka 20, hadi chuo kilipokuwa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia mwaka 1994 na baadaye. Miaka hiyohiyo Japani iliikopesha Tanzania fedha za mradi wa umwagiliaji wa Moshi Chini, uliokamilika 1987. Mpunga ulistawi mno, kiasi kwamba wakulima wa juu ya mto nao wakaanza kuulima na kuyafungia maji huko juu. Mashamba ya mradi yakabaki na kiu. Juja walikuwa wamepanga nani atabaki na kazi Mjapani akiondoka. Moshi hakukuwa na mpango wa nani atayagawa maji ya mto.

Kasarani na Paris: 1990–2002

Vita Baridi vilipoisha, Moi alipoteza kinga. Wafadhili waliokuwa wamefumba macho kwa sababu alikuwa upande wao sasa waliyaona magereza na wizi. Norwe ilikorofishana naye hadi uhusiano ukavunjika mwaka 1990. Wakenya wenyewe walikuwa tayari barabarani, kuanzia maandamano ya Saba Saba ya mwaka huo. Novemba 1991 wafadhili walikutana Paris wakasimamisha misaada mipya kwa Kenya. Siku chache baadaye, tarehe 3 Desemba, wajumbe wa chama tawala, KANU, walikusanyika Kasarani, mwendo mfupi kutoka Githurai kuelekea mjini. Walikuja wakitarajia kutetea chama kimoja. Moi akawaambia kifungu cha 2A cha Katiba, kilichoruhusu chama kimoja tu, kiondolewe. Uwanja waliokutania ulikuwa umejengwa kwa msaada wa China kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987.

Wapo wanaosema Paris ndiyo iliyoleta vyama vingi Kenya. Siamini hivyo. Bila Kenneth Matiba, Charles Rubia na wale waliopigwa virungu Kamukunji, Paris isingekuwa na cha kujibu. Na wafadhili walipopata uchaguzi wa 1992 walilegeza kamba, huku kashfa ya Goldenberg ikikamua mabilioni ya shilingi kutoka hazina kwa dhahabu isiyokuwepo. Julai 1997 Shirika la Fedha likafunga tena mfereji. Ukafunguliwa 2000, ukafungwa tena baada ya mahakama kuvunja taasisi ya kupambana na ufisadi. Katika muongo huo barabara ya Thika ilijaa mashimo na hospitali za umma zikakosa glavu.

Tanzania nayo ilikatiwa. Mwaka 1994 wafadhili walizuia fedha kwa sababu ya kodi iliyosamehewa kiholela na mapato yaliyopotea. Tofauti ni hatua iliyofuata. Denmark na serikali ya Tanzania zilikubaliana kuteua jopo huru chini ya Gerald Helleiner, mchumi wa Kanada, na miongoni mwa wajumbe walikuwemo Watanzania Ibrahim Lipumba na Benno Ndulu. Ripoti yake ya 1995 haikuilaumu serikali peke yake. Iliwaambia wafadhili kwamba nao wanaendesha miradi nje ya bajeti, wanatuma ujumbe juu ya ujumbe, na wanadhoofisha wizara wanazodai kuzijenga. Benjamin Mkapa alipoingia Ikulu mwaka huohuo aliitumia ripoti ile kudai mpangilio mpya, na baadaye utekelezaji wa pande zote mbili ukawa unapimwa hadharani. Sioni hatua nyingine katika historia hii iliyoipa Tanzania faida zaidi, na haikugharimu chochote ila ujasiri wa kukubali kukosolewa pamoja na anayekukosoa.

Msamaha uliopita jirani: 2000–2006

Matokeo yalionekana kwenye madeni. Tanzania ilimaliza safari ya msamaha wa nchi maskini zenye madeni makubwa Novemba 2001, na ikapata unafuu wa kama dola bilioni 3. Mwaka 2006 ikasamehewa tena. Mkapa alikuwa ameshafuta karo za shule za msingi mwaka 2001, na wafadhili wakaanza kuweka fedha moja kwa moja kwenye bajeti ya serikali, bila kila mmoja kujenga kimradi chake.

Kenya haikupata msamaha huo. Wataalamu wa Washington waliamua deni lake linabebeka. Rais Mwai Kibaki alipofuta karo mwaka 2003, alifanya hivyo akiwa bado analipa madeni ya miaka ya Moi kila mwezi. Mfereji ulifunguliwa kidogo, kisha kashfa ya Anglo Leasing ikauchafua, na Februari 2005 John Githongo, katibu mkuu wa maadili, akajiuzulu na kwenda uhamishoni. Kibaki alitoa uamuzi wake kimyakimya: kukusanya kodi zaidi nyumbani, na kutafuta mkopeshaji asiyeuliza maswali ya namna hiyo.

Barabara ya Thika: 2007–2018

Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha za barabara mwaka 2007, China ikaongeza za kwake, na kazi ikaanza 2009. Makampuni matatu ya Kichina, China Wu Yi, Sinohydro na Shengli, yaligawana kilomita 50 hivi. Anayekumbuka barabara ya zamani anakumbuka saa mbili kutoka Githurai hadi mjini asubuhi ya mvua, konda akigonga bati, abiria wakishuka Roysambu kumalizia kwa miguu. Kibaki alipoifungua tarehe 9 Novemba 2012 ilikuwa na njia nane na ilikuwa imegharimu zaidi ya shilingi bilioni 30.

Kiuu ilibadilika ndani ya miaka michache. Ploti ilipanda bei mara kadhaa, nyumba za mabati zikabomolewa, na ghorofa za sita na saba zikaota. Lakini madaraja ya waenda kwa miguu yalikuja nyuma ya magari, na wengi waligongwa wakivuka. Wauza mboga, waliokuwa wamezoea kupanga nyanya na sukumawiki kando ya lami, walisukumwa hadi juu ya reli ya zamani ya Thika. Honi ya treni ikilia wanakunja magunia, inapita, wanatandika upya. Mchoro wa wahandisi ulikuwa na njia za magari za kila aina, na haukuwa na nafasi ya mama anayeuza vitunguu.

Mwaka 2016 Dar es Salaam ilianza mabasi ya mwendokasi kutoka Kimara hadi Kivukoni, kilomita 21 pamoja na matawi yake, zilizojengwa kwa mkopo nafuu wa Benki ya Dunia. Yana msongamano na huharibika, lakini yanatembea. Nairobi ilichora mistari myekundu ya mabasi kama hayo kwenye Barabara ya Thika mwaka 2018. Rangi ilifutika kwa matairi. Vituo vilivyoanza kujengwa baadaye katikati ya barabara vilikwama.

Deni lakomaa: 2014–2025

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Mwaka 2014 Kenya ilikopa China zaidi ya dola bilioni 3.2 kwa ajili ya reli ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi, na karibu nusu ilikuwa kwa riba ya kibiashara. Mwaka huohuo iliuza hati fungani za dola kwa mara ya kwanza. Mikataba ya reli ilifichwa hadi Novemba 2022, na hata hapo ilitolewa sehemu tu.

Tanzania ilipita kwenye misukosuko yake. Wafadhili walizuia fedha za bajeti 2014 kwa sababu ya sakata la Escrow, na Machi 2016 Marekani ikafuta mpango wa dola milioni 472 kufuatia uchaguzi wa marudio Zanzibar. Rais John Magufuli alijibu kwa kutumia kodi za ndani kwenye bwawa la Nyerere na kwenye reli ya kisasa ya Tanzania, akiongeza mikopo ya mabenki. Treni ya umeme ilianza kubeba abiria 2024. Katika tathmini za Shirika la Fedha, hatari ya Tanzania kushindwa na deni imekuwa ya wastani, na ya Kenya imekuwa kubwa tangu 2020. Uhuru wa kusema na kukosoa, hata hivyo, ulibanwa sana Dodoma katika miaka ileile, na mtu asiyeweza kuuliza hawezi kujua deni lake ni kiasi gani.

Wakenya waliuliza. Aprili 2021, Shirika la Fedha lilipoidhinisha dola bilioni 2.34, zaidi ya watu 200,000 walitia saini mtandaoni wakiliomba lisiikopeshe serikali yao. Halikusikia. Mswada wa Fedha wa 2024 ulikuwa njia ya kutimiza malengo ya mpango huo, kwa kodi mpya juu ya watu waliokwisha kuchoka. Rais William Ruto mwenyewe alieleza kwamba katika kila shilingi 100 za kodi, 61 zinakwenda kwenye deni. Tarehe 25 Juni vijana waliingia Bungeni. Usiku huo polisi walifyatua risasi Githurai, na kuna waliopoteza maisha. Kesho yake Rais alikataa kutia saini mswada.

Januari 2025 serikali ya Donald Trump ilisimamisha misaada ya nje, na Julai USAID ikafungwa. Wauguzi na wahudumu wa Ukimwi waliachishwa kazi Kenya na Tanzania kwa wiki zilezile.

Katiba ya Kenya, kifungu cha 211, inasema Bunge likipitisha azimio la kutaka habari za mkopo wowote, Waziri wa Fedha anapaswa kuziwasilisha ndani ya siku saba. Kifungu hicho kipo tangu 2010 na kimetumiwa kwa nadra. Wewe wa Kiuu unayelipa Karimenu na Barabara ya Thika kila ununuapo unga au kujaza mafuta, mwandikie mbunge wako wa Ruiru, mtaje kifungu kwa nambari, na umdai mkataba wa mkopo ujao uwekwe mezani kabla haujatiwa saini.